Sikio la Kabirateri

Domitille hakuwa mtu wa kuibiwa mara mbili. Ndiyo maana asubuhi ile, mume wake Nicolas akiwa bado anapiga mswaki, yeye alikuwa amepiga magoti uani kando ya pikipiki, mkono mmoja umeishika kabirateri kwa chini, mkono mwingine umeshika kichupa cha verini nyekundu ya binti yake Divine, ile ya kupaka kucha. Alitafuta mahali ambapo jicho la fundi halifiki, chini kabisa ya kile kikombe kinachokusanya esanse, yaani petroli, akatia nukta moja. Akapuliza. Akaona nukta moja ni uchoyo, akaongeza ya pili.

"Mama, verini yangu!" Divine alilalamika mlangoni.

"Nyamaza weye. Unataka tukule nini kama banaiba moto?"

"Nani anaiba moto?"

"Haiibiwe yote. Banaibaga moyo yake tu, banakuachia mwili."

Moto, kwetu Bunia, ndiyo pikipiki, na moyo wake aliousema Domitille ni hiyo kabirateri, kidude kinachochanganya esanse na hewa kabla ya kuwaka. Nicolas alikuwa ameugua malaria, pikipiki ikalala chini ya kibanda muda wote huo na esanse yake tumboni, na alipopona akaikuta haitaki kuamka. Ikiwaka inakohoa, ikikohoa inazima. Kila mtu aliyeipita uani alisema neno moja: kabirateri, peleka kwa fundi.

Na hapo ndipo penye kazi, maana maneno ya mafundi yalikuwa yameenea mji mzima. Pale bombani wanawake walisema ukimpa fundi kabirateri ya orijini, anakurudishia nyingine inayofanana nayo kama pacha, ya bandia, inakohoa siku chache halafu inakufa kabisa, na ile ya kwako imeshapita Mahagi, imeshavuka mpaka. Nani alikuwa ameona? Hakuna aliyeona. Lakini kila mtu alikuwa na shangazi wa mtu aliyeona.

Domitille hakuiita pikipiki, wala moto. Aliiita Ng'ombe. Ilinunuliwa kwa ng'ombe wa mwisho wa baba yake, yule mmoja aliyebaki wengine wote waliposwagwa na watu ambao mpaka leo hakuna anayewataja kwa jina. Baba yake alikuwa akiwakata ng'ombe wake sikioni, na alipoambiwa anawatesa wanyama alijibu kwamba kitu kisicho na alama hakina mwenyewe. Neno hilo lilimwingia Domitille utotoni na halikutoka. Hiyo kabirateri sasa ilikuwa na alama, na atakayethubutu atajua kwamba binti wa mzee yule bado yuko hai.

Nicolas alipotoka na taulo begani, alimkuta mke wake amesimama, kichupa kiko chini ya kitenge.

"Twende," Domitille alisema. "Na miye nakuya."

"Kufanya nini kwa fundi?"

"Kuangalia."

*

Kambale alifanyia kazi barazani kwa Muzee Rachidi, mwenye duka la misumari, kufuli na rangi za nyumba, mkabala na parikingi ya motari, waendesha pikipiki za abiria kama Nicolas. Alitoka upande wa Butembo, mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Uchache huo wa maneno Domitille hakuupenda hata kidogo. Fundi anayeongea utamnasa katika uongo wake, alijiambia. Anayenyamaza utamnasia wapi?

Kambale aliifungua kabirateri, akaitoa, akafungua kile kikombe cha chini na kuwaonyesha. Ndani mlikuwa na uji wa rangi ya chai, unaonata.

"Esanse ililala, ikakuwa gundi," alisema. "Kupuliza tu haitoshi. Inapashwa kulala mu dawa mupaka jioni."

"Ilale wapi?" Domitille aliuliza.

"Hapa kwangu, mama."

"Mupaka jioni?"

"Mupaka jioni."

Domitille alimwangalia Nicolas. Nicolas aliangalia parikingi, wenzake walikokuwa wakinywa chai na kubishana juu ya mpira. Kambale akamimina dawa kutoka kwenye galoni mpaka ndani ya sahani ya bati. Ilikuwa na harufu kali ya kuchoma pua, iliyomfanya Domitille afute machozi kwa ncha ya kitenge. Zile skrubu ndogo Kambale alizifunga ndani ya kitambaa, akakitia mfukoni mwa shati.

"Unaficha nini pale?"

"Vis, mama. Kuku ya Muzee inaokotaga kila kitu inayong'aa."

Kuku! Domitille hakuwahi kusikia kuku anayekula chuma. Akageuza macho, na macho yake yakatua kwenye pikipiki ya bluu iliyoegemezwa ukutani, sura moja na Ng'ombe wake, ila rangi.

"Na ile ni ya nani?"

"Yangu."

"Inafanana sana na ya siye."

"Mama Divine, zilitoka mu kiwanda moja."

"Hm," alisema Domitille. Hiyo "hm" ilikuwa na maneno mengi ndani yake, na Nicolas, aliyeyajua yote, alikohoa kwa aibu.

Alikuwa amekusudia kukaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa mpaka jioni, asipepese jicho. Lakini mvua ya Bunia haibishi hodi. Upepo ulipoanza kuinua vumbi barabarani alikumbuka maharage yake, yametandazwa uani juu ya turubai, na Divine kaenda shule. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Papa Divine, usitoke hapa. Umesikia? Hata kama unaitwa na muke ya gavana."

"Nimesikia."

Alikimbia. Na alipofika kona akageuka, akamwona mlinzi wake amekwisha kuvuka barabara, anapokea kikombe cha chai.

*

Jioni pikipiki iliwaka. Iliwaka vizuri hata motari wawili walipiga makofi kwa utani. Kambale alifuta mikono, akamwambia Nicolas, "Ile esanse ya zamani yenye iko mu rezervwari, uimwange yote. Usiache hata kidogo, itaharibu tena." Nicolas aliligonga tangi kwa kidole, akaitikia kwa kichwa.

Domitille hakusikiliza hayo. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, simu mkononi, tochi imewashwa, shingo imepindwa. Kabirateri ilikuwa safi, nyeupe kama sufuria ya bibi harusi. Alipitisha kidole chini ya kikombe, akapitisha tena, akaangalia kidole. Wekundu haukuwapo.

Nyumbani, Divine akiwa jikoni, alimvuta Nicolas karibu.

"Banatuiba."

"Domitille, si inawaka?"

"Ya bandia pia inawakaga. Alama yangu haiko." Akamweleza habari ya verini, na nukta mbili, na kitambaa kilichoingia mfukoni, na pikipiki ya bluu ukutani. Kila alipotaja kitu kimoja, kingine kilikaa mahali pake chenyewe, mpaka ikawa ushahidi ambao hakimu yeyote angeupokea.

"Kambale hawezi," Nicolas alisema.

"Ulikuwa hapo?"

Nicolas hakuwa hapo.

Siku ya pili Nicolas alipakia mama mmoja na beseni la samaki wa Tchomia, na katikati ya soko, mbele ya macho ya watu wote, Ng'ombe alikohoa, akaruka kidogo, akazima. Beseni lilimponyoka mama wa watu na samaki wakalala matopeni. Matusi aliyotukanwa Nicolas siku ile, na mama wa umri wa dada yake mdogo, sitayarudia hapa. Alimwokotea samaki mmoja mmoja, akiwafuta kwa shati lake, na watu wamesimama wanatazama.

Aliisukuma pikipiki mpaka nyumbani. Domitille alipomwona anaingia na shati linanuka samaki, hakuuliza hata kilichotokea. Alifunga kitenge upya, kwa fundo la vita.

*

"Fundi! Tosha kabirateri yangu fasi uliificha!" Domitille alidai itolewe huko ilikofichwa, hata kabla ya salamu.

Kambale alikuwa anafunga cheni ya mtu. Aliinua kichwa taratibu. "Iko mu moto yenu, mama."

"Ile si yangu."

"Ni yenu. Hakuna ingine."

"Yangu iko na alama."

"Alama gani?"

Domitille alicheka, kicheko cha mtu aliyelala akilingoja swali hilo. "Munasikia? Haijue! Angeijua, angeipaka na yeye!"

Motari walianza kuvuka barabara, mmoja mmoja, wakiacha chai yao. Kambale alisimama. Hakumwangalia Domitille, alimwangalia Nicolas, aliyekuwa ameshika usukani wa Ng'ombe kama mtu aliyeshika mgonjwa.

"Nicolas. Ulimwanga ile esanse?"

Hakuwa ameimwaga. Ilikuwa karibu nusu ya rezervwari, na mtu aliyetoka kuugua hamwagi nusu rezervwari ya esanse kwenye mtaro kwa sababu tu fundi kasema. Ni kama kumwaga chungu cha uji watoto wakiangalia. Alijiambia itaisha yenyewe barabarani. Sasa wenzake wote walikuwa wanamtazama, na mke wake pia.

"Nilimwanga," alisema.

Kambale alimtazama muda mrefu, halafu akaacha.

Muzee Rachidi alitoka dukani akirekebisha kofia yake. Aliuliza alama ilikuwa ya namna gani, akaambiwa ni nyekundu, nukta mbili, zimetiwa kwa mkono wa mama mwenyewe asubuhi ya siku ileile. Alivaa miwani, akainama kwa shida, akachungulia. Hakuna kitu.

"Kambale?"

"Muzee, hiyo alama sikuiona. Miye siko muizi."

"Baizi bote banasemaga vile!" mtu alipaza sauti nyuma, na kicheko kikapita. Kisha kicheko kikakatika, na badala yake likaanza lile neno lenyewe, muizi, muizi, chinichini kwanza. Nanyi mnajua mjini kwetu neno hilo likipanda sauti linaweza kufika wapi. Muzee Rachidi alijua. Alifungua mikono yake miwili mbele ya Kambale na kuwaambia motari warudi kwenye kazi zao, hapa si mahakama.

Kambale aliiweka ile cheni chini. Alichukua bisibisi na ufunguo, akapiga magoti kando ya pikipiki yake ya bluu, akatoa kabirateri yake. Akaja kwa Ng'ombe, akatoa ile iliyokuwamo, akaifunga ya kwake mahali pake, na ile ya Ng'ombe akaitia kwenye pikipiki ya bluu. Bisibisi yake tu ndiyo iliyokuwa inasikika.

"Hii ni ya kwangu," alisema alipomaliza. "Kamateni. Mambo iishe."

Lakini hayakuisha. Hapo ndipo yalipoanza, kwa sababu hata wale waliokuwa wanamwonea huruma walibadilika palepale. Angekuwa safi angetoa ya kwake? Nani anatoa kitu chake bure katika mji huu? "Amekiri," walisema wakirudi kwenye chai iliyopoa. "Ata mudomo hakufungua, mikono yake njo ilikiri."

Domitille alirudi nyumbani ameketi nyuma ya Ng'ombe, kichwa juu. Jioni, mke wake alipokwenda kwenye maombi, Nicolas aliifungua rezervwari nyuma ya nyumba na kuimwaga ile esanse yote kwenye mtaro, akafukia kwa udongo.

*

Baada ya hapo Ng'ombe alikimbia kama ndama. Alipanda vilima, alivuka matope, hakukohoa hata mara moja, na Domitille kila alipomsikia anarudi jioni alisema, "Si niliwaambia?" hata kama hakuna aliyebisha.

Sifa zake zilienea. Wanawake walikuja kumwuliza namna ya kutia alama, akawaonyesha: usikwaruze, fundi ataona mkwaruzo, tia verini, kidogo, kwa chini. Avenue nzima, yaani mtaa wote, ikawa na nukta. Bidoni za maji zilitiwa nukta, sufuria zilitiwa nukta, mpaka mama mmoja akatia nukta mguuni mwa bata wake. Divine alilia verini yake imekwisha.

Kwa Kambale mambo yalikuwa mengine. Wateja waliobaki walikuja na msumari mfukoni; kabla ya kumwachia pikipiki walichuchumaa na kukwaruza kila chuma walichokifikia, yeye akingoja. Wakimaliza, waliketi kwenye ndoo na kuangalia vidole vyake mpaka mwisho. Motari mmoja alipiga picha kila kipande kwa simu. Wengi hawakuja tena. Muzee Rachidi naye alikuwa na duka la kulinda, na siku moja alimwambia, kwa adabu, bila kumtazama usoni, kwamba mwezi ukiisha itabidi atafute baraza nyingine. Habari hiyo Nicolas aliileta nyumbani, akaisema mbele ya chakula.

"Mungu halali," Domitille alijibu, akamwongezea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Nicolas hakula ile sombe. Siku hizo alikuwa anakula kidogo, na usiku alilala akielekea ukutani.

Kisha Emerance, jirani wa mlango wa tatu, akaja mbio. Mume wake Stéphane alikuwa amepeleka pikipiki kwa fundi mwingine kabisa, wa upande wa pili wa mji. Kabirateri ilirudi safi, na nukta haipo.

"Na yule pia muizi!" Emerance alisema, mikono kichwani. "Kumbe ni bote! Ba fundi bote ya Bunia banasikilizana!"

"Nilikuambia," Domitille alisema. Lakini kitu kidogo kilimgusa moyoni, kidogo sana, akakifukuza kama nzi.

*

Divine ndiye aliyerudi na habari, ingawa hakujua kwamba ni habari. Shule ilimrudisha nyumbani kwa sababu ya kucha: verini hairuhusiwi, aende azitoe ndiyo arudi. Domitille alimsema mpaka akachoka, kisha akamwita Falone, msichana wa jirani aliyepaka watu kucha sokoni.

Falone aliketi na Divine kwenye mkeka. Domitille alikuwa kando yao, anachambua lengalenga. Falone alifungua kichupa kidogo, akalowesha kitambaa, akaanza kupangusa.

Harufu ikaja. Ilikuwa kali, ya kuchoma pua, na macho ya Domitille yakajaa machozi.

Aliacha mboga. "Falone. Hii unapangusa na nini?"

"Diliyan, mama. Ile ya kukoroga rangi ya nyumba. Dawa yenyewe ya kucha iko bei sana."

"Unaitoshaga wapi?"

"Kwa Muzee Rachidi. Kila mutu anaikamataga kwake. Ata ba fundi ya moto banasafishaga nayo vyuma."

Domitille aliangalia vidole vya mtoto wake. Wekundu ulikuwa unahama kutoka kwenye ukucha kwenda kwenye kitambaa, kwa mpanguso mmoja, na ukucha unabaki mweupe, safi, kama haukuwahi kupakwa kitu. Aliingia ndani akatoka na kijiko. Akaomba verini ya Falone, akatia nukta mbili nyuma ya kijiko, akapuliza, akangoja zikauke. Falone na Divine walimwangalia wakidhani mama ameanza kuchanganyikiwa. Akakitumbukiza kijiko ndani ya kifuniko chenye diliyan, akakizungusha kidogo. Alipokitoa, zile nukta hazikuwapo.

"Yesu wangu," alisema.

Aliona ile sahani ya bati, na ile galoni, na mkono wa Kambale ukimimina. Aliona watu wanavuka barabara. Sauti yake mwenyewe aliisikia pia, na ilikuwa kubwa kuliko alivyoikumbuka.

Sasa, msimwone mbaya zaidi kuliko mimi na wewe. Jambo la kwanza alilofikiri ni kunyamaza. Nani anajua? Wasichana wawili wasioelewa walichokiona. Ng'ombe anakimbia, nyumba inakula. Mwezi ukiisha Kambale atahama, na mtu akishahama watu wanasahau. Alirudi kwenye lengalenga zake, akachambua jani, akachambua jani, na hapo Emerance akapita kwenye ua, amefunga kitenge chake kwa fundo la vita.

"Mama Divine! Kesho asubuhi naenda kwa ule fundi ya Stéphane. Nitaita na batu ya avenue. Utakuya na miye? Weye njo unajuaga kuongea nabo."

Jani lilimdondoka mkononi.

*

Alimwambia Nicolas alipoingia tu, hata kofia hajavua. Alimwonyesha kijiko. Nicolas aliketi kwenye kiti cha plastiki, akakigeuza kijiko mkononi, mbele na nyuma.

"Na siku ile mu soko?" Domitille alisema. "Kama kabirateri ilikuwa ya siye, na iko safi, juu ya nini moto ilizima?"

Nicolas alikohoa. "Esanse."

"Esanse gani?"

"Sikuimwanga."

Domitille alisimama. "Ulisema mbele ya batu ulimwanga!"

"Nilidanganya."

"Kwa hiyo ulijua! Ukaniacha niongee vile!"

"Domitille," Nicolas alisema kwa uchovu, "nani aliwahi kukuzuia kuongea?"

Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Nje jua lilikuwa linashuka. Domitille alisema waende sasa hivi, giza likianza kuingia, wamkute Kambale kwake peke yake, wamwombe msamaha polepole na kumrudishia chombo chake, iishe kikubwa.

"Hapana," Nicolas alisema. "Ulimuita muizi mchana, mbele ya parikingi. Na miye nilidanganya mchana, mbele ya parikingi. Tutaenda mchana."

*

Kambale alikuwa ameshaanza kupanga vyombo vyake ndani ya gunia. Alipoona Ng'ombe anasimama, na Domitille anashuka, na nyuma yake Emerance aliyeletwa kwa nguvu, alirudi nyuma hatua moja. Motari walivuka barabara bila kuitwa. Muzee Rachidi alitoka, uso umekunjamana.

Domitille alikuwa amepanga maneno mazuri usiku kucha. Yote yalipotea. Alitoa kijiko, verini ya Falone na kile kichupa cha diliyan, akaviweka juu ya meza ya chuma.

"Mutu hakuniiba," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akakumbuka ile ya siku ile, akaipandisha kwa nguvu. "Minasema Kambale hakuniiba! Alama yangu ilikuwa verini. Diliyan yake njo iliitosha. Angalieni kwa macho yenu!"

Akafanya palepale: nukta mbili, kupuliza, kutumbukiza. Kijiko kilitoka safi. Motari mmoja akapasuka kwa kicheko, na wote wakafuata. "Mama Verini!" walipiga kelele. "Mama Verini, oyé!" Jina hilo analo mpaka leo. Emerance alifunika uso kwa kitenge na kufungua fundo lake la vita kimyakimya.

"Na miye," Nicolas alisema juu ya kicheko, "ile esanse sikuimwanga. Nilidanganya. Unisamehe, Kambale."

Muzee Rachidi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kambale, mwanangu, tosha vitu yako mu gunia. Utabakia hapa."

"Aksanti, Muzee," Kambale alisema. Yeye hakuwa amecheka.

Alichukua bisibisi na ufunguo. Alizitoa kabirateri mbili, akaziweka mezani pamoja, na hakuna mtu pale, hata Domitille mwenyewe, ambaye angeweza kusema ipi ni ipi. Kambale aliipitishia kitambaa ile iliyokuwa kwenye pikipiki ya bluu, ndiyo ya Domitille.

"Mama Divine. Siku moja Nicolas aliniambiaga baba yako alikuwa anakata ng'ombe masikio. Lipi?"

"La kushoto," Domitille alisema. "Mara mbili."

Kabirateri ina masikio mawili, huku na huku, pale bolti zake zinapopita kushika injini. Mafundi wanayaita hivyohivyo. Kambale aliibana mezani, akachukua tupa, akakata sikio la kushoto ukingoni, mkato wa kwanza, kisha wa pili. Alipuliza unga wa chuma, akampa Domitille mkononi. Domitille alipitisha kidole gumba kwenye mikato ile. Ilikuwa mizuri, imelingana, kama ya baba yake.

"Hii haitoke," Kambale alisema. "Ata diliyan haiwezi. Siku utapeleka kwa fundi ingine, uangalie hapa tu. Hatakuiba."

Aliichukua, akaifunga mahali pake, akakaza. Nicolas alipiga teke mara moja na Ng'ombe akawaka, safi.

"Kambale, ndugu yangu," Nicolas alisema. "Fundi ingine gani?"

"Bunia iko na ba fundi mingi," Kambale alijibu. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amekwisha kugeuka. "Nani anafuata?"

Motari kijana alisukuma pikipiki yake mbele, bado anacheka habari ya Mama Verini. Aliisimamisha, akaingiza mkono mfukoni, akatoa msumari, akachuchumaa na kuanza kukwaruza. Kambale alisogea pembeni, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akangoja amalize.

Domitille alifungua mdomo amkemee kijana yule. Akaufunga. Akapanda nyuma ya Nicolas, akashika kiti kwa mikono miwili, wakaenda.